Kichwa Kigumu cha Ukoo wa Vitalis

Jumamosi ile Paskalina alipika wali wa nazi, ingawa mchele ulikuwa wa kupangia foleni tangu alfajiri. Mwanawe Augustino alikuwa amepata kazi katika karakana ya reli, Gerezani, alikofanya kazi baba yake. Katika ukoo wa mumewe, Vitalis, kijana aanzapo kazi baba humnywesha pombe mbele ya majirani. Asipoyumba, huhesabiwa mwanamume.

Vitalis mwenyewe hakuwa mtu wa kuyumba. Chupa sita za bia, na bado angetembea juu ya reli. Ya saba ndiyo iliyomfanya apige. Paskalina alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto tangu Pasaka.

"Kata ya pili hiyo!" Vitalis alitamba uani. "Tazameni, jicho jeupe kama la mtoto! Huyu nimemzaa mwenyewe, sikusaidiwa."

Majirani wakacheka. Kuruthumu, mwuguzi aliyepanga chumba cha pili na aliyekuwa kama dada kwa Paskalina, hakucheka.

"Augustino, unajisikiaje?"

"Sisikii kitu, mama mdogo. Kama maji."

"Hilo ndilo linalonitisha."

"Shemeji, acha uchuro," alisema Vitalis. "Kichwa kigumu ni neema."

"Si neema, shemeji. Ubongo ndio unaomwambia mtu: basi, imetosha. Kwa wengine onyo hilo huzaliwa likiwa dogo. Hunywa nyingi kabla ya kulisikia, hata mwili ukazoea. Wataalamu waliwafuatilia watoto wa walevi waliolelewa na watu baki. Hao waliingia katika ulevi zaidi kuliko watoto wengine. Hatari hiyo hurithiwa, kama kimo."

Paskalina aliweka mwiko chini. "Basi mwanangu amekwisha kuhukumiwa?"

"Hapana, dada. Amerithi hatari, hakurithi ulevi. Asipokunywa, hawi mlevi."

"Na ngumi je? Nazo hurithiwa?"

"Pombe hulegeza mapema sehemu ya ubongo inayozuia hasira," alijibu Kuruthumu. "Miguu imesimama, breki zimekatika. Lakini mkono unaopiga una mwenyewe."

Vitalis akajaza kata ya tatu. "Kunywa, mwanangu. Ya zahanati yaishie zahanati."

Augustino aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiweka chini.

"Baba, tangu utotoni nakuogopa wewe. Leo nimeanza kujiogopa mimi."

Vitalis alimtukana, akainywa mwenyewe, na zilizofuata pia. Ilipita miezi mitatu, na kipigo kingine, ndipo akagonga mlango wa Kuruthumu. Mwuguzi alimkataza kuacha kwa ghafla peke yake, kwa kuwa mwili uliozoea sana huweza kupatwa na degedege. Vitalis alilazwa hospitali, akaachishwa pombe chini ya uangalizi.

Sasa ni mwaka wa pili. Augustino hajaonja tena, na jamaa za baba yake bado humwita mtoto. Vitalis hunywa chai. Nyumba imetulia. Lakini kila Vitalis anapoinua mkono kuchukua taa juu ya kabati, Paskalina huinama kwanza, ndipo akakumbuka.