Kitufe cha Pembeni

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu anayeshughulikia malalamiko ya wateja. Aliandika programu ya kuendesha kipanya cha kompyuta, kiwe kinajibofya chenyewe na kufunga malalamiko bila mtu kuyasoma. Bosi alipoiona, akamwachisha kazi mama wa meza ya pili, yule aliyekuwa akisoma kila lalamiko mpaka mwisho. Ndiye aliyemfundisha rafiki yangu kazi. Siku anaondoka alimuuliza tu, "Mwanangu, hicho kitu chako ukitaka kukisimamisha, unafanyaje?"

Rafiki yangu aligeukia skrini yake. Tangu hapo akawa hawezi hata kuitazama meza ile.

Mchana mmoja wa mvua, ofisi imeingia giza na wenzake wameenda kula, akaongeza amri: ukibonyeza Esc, kitufe cha pembeni kabisa, kipanya kinasimama papo hapo. Akaiwasha programu. Kipanya kikaanza, ta, ta, ta. Kisha kikasimama.

Mikono yake ilikuwa mapajani.

Akaiwasha upya. Safari hii alisikia kitufe kikibonyezwa, tak, kwenye meza ya yule mama. Kipanya kikasimama kwenye lalamiko lile lile.

Aliinuka akaenda kwenye meza ile. Kompyuta ya mama ilishachukuliwa, imebaki kibodi tu, waya wake ukining'inia. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye vitufe vyote isipokuwa Esc. Hicho kilikuwa safi, na alipokigusa kilikuwa na uvuguvugu, kama kiti cha mtu ambaye ndiyo kwanza ameinuka.