Karibu Kabla ya Hodi

Sauti ya mwalimu mkuu ilisikika stoo, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amesimama uwanjani, mdomo kaufunga, anamsubiri mwanawe amalize kufunga kamba za viatu.

"Karibu ndani, mwanangu. Sema jina lako."

Ilikuwa alasiri, watoto wamekwisha kwenda kwao, na mlango wa stoo una kufuli. Mpishi wa shule, aliyekuwa akisugua sufuria bombani, akamtazama mwalimu mkuu, akautazama mlango, akamrudia mwalimu mkuu.

"Mama Kengele, uko hapa au uko kule?"

"Sugua sufuria yako wewe. Ni vile vishikwambi, vinajiwasha."

Mama Kengele ndilo jina alilopewa na mtaa mzima, maana sauti yake ilitosha kuwaingiza watoto darasani kengele ikiwa imelala. Tena sauti tamu, hata maadui zake walilikubali hilo, na maadui hakuwakosa. Mumewe alikuwa akifanya kazi mbali, mbali hasa, kiasi kwamba hakuna aliyewahi kusikia pakitajwa. Watu walikuwa na yao ya kusema, lakini tuyaache, leo si zamu ya mume. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa darasa la pili, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo. Chiriku alikuwa anaongea mbio mpaka pumzi inamwishia katikati ya neno, anavuta hewa kwa kishindo, anaendelea. Mama na mwana waliishi kwenye nyumba ya mwalimu, ukuta mmoja na stoo.

Vishikwambi alikuwa amevileta kijana wa ofisi ya elimu ya wilaya, Bwana Mtandao, mwenye viatu vilivyochongoka kama vinataka kudonoa watu. Shule zote za wilaya zilikuwa zipewe, ila hii ndiyo ya majaribio. Akatundika shelfu stoo, akavipanga vioo vikitazama mlango, kila kimoja na waya wake wa chaji. Kisha akataka sauti ya kuwapokea watoto: mtoto akigusa kioo akaribishwe, ataje jina, kifunguke.

"Sema kama unavyosema na mwanao, Mwalimu," alimwambia, akimsogezea simu mdomoni. Wakarekodi mle mle stoo, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na kimya.

Chiriku alikuwa mlangoni. "Mama, mbona umeanza na karibu? Si ulinifundisha mtu akibisha niulize kwanza na—" akavuta hewa, "—nani?"

"Hicho ni kioo, mwanangu. Kioo hakina mwizi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya mama ikawekwa kwenye vioo vile vyote, usiku na mchana, kwenye chumba kitupu, inamkaribisha yeyote ndani na kumwita mwana, jina baadaye.

Baada ya alasiri ile ya mpishi bombani, sauti ikawa inasikika kila siku watoto wakishaondoka. Mwanzoni ilifuatwa na kimya, kimya cha mtu anayefikiri. Halafu ikaanza kufuatwa na mkoromo mdogo, kama wa mtoto mchanga anayejaribu ulimi. Na stoo ikaanza kunukia poda ya mtoto, poda nzuri kabisa, lakini ukivuta pua sawasawa, chini yake kuna chuma kilicholowa na kitu kilichoungua.

"Nani anazaa humo?" mpishi alitania, lakini sufuria zake alihamia kuzisugulia upande wa pili.

Chiriku naye akaanza kupungua maneno. Akikuita, unaona mdomo kabla hujasikia sauti. Ikawa mnong'ono, kisha ikawa hewa tupu. Daktari akamulika koo, akasema koo zima, mtoto anadeka. Chiriku kudeka kwa kunyamaza! Wanaomjua walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Jioni moja, jua linazama, mama na mwana wamekaa mezani, Chiriku akafungua mdomo kuomba chumvi na pasitoke kitu, na wakati huo huo, nyuma ya ukuta, ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli na ufunguo ukiwa shingoni mwa Mama Kengele, sauti ya Chiriku, ile ile, ya kukimbia na kuchekacheka, ikasema, "Mama, naomba chumvi, Mama, naomba chumvi na maji na sahani yangu na kitanda changu na nguo zangu zile za njano na wewe Mama nakuomba wewe," bila kutua, bila kupunguza, huku mtoto aliye mezani anautazama ukuta na machozi yanamdondokea kwenye chakula.

Asubuhi Bwana Mtandao aliitwa. Akaingia stoo anajigamba, akaifuta ile rekodi, akachomoa waya zote. Alipogeuka kutoka, vioo vikawaka vyote. "Kaka, umekuja kunifuta?" ikamwuliza sauti ya mtoto. Alitoka mbio na kiatu kimoja. Kile cha pili mpishi alikisukuma nje kwa fagio.

Ndipo akaitwa mganga, mama wa makamo, mnene, mwenye miwani ya kusomea, ambaye jambo la kwanza aliuliza kama anaweza kuchaji simu yake. Walipomwonesha stoo akairudisha chaja kwenye mkoba.

"Mimi siwezi kumtoa," alinong'ona. "Hakuvunja mlango huyu. Umemkaribisha, umemwita mwanao, na yeye anatafuta nafasi ya mwana. Nafasi ni moja. Mkaribishaji ndiye wa kumtoa. Anza upya ulivyopaswa kuanza. Muulize nani. Kisha mkane kwa mdomo wako. Lakini dada, sikiliza sana. Ukikosea ukamkana wako, atakwenda huyo huyo uliyemkana."

Mama Kengele akaingia stoo na Chiriku mikononi, kiganja chake kwenye koo la mtoto. Ile sauti iliyojaza uwanja miaka yote ilitoka nyembamba kama uzi.

"Nani?"

Vioo vikawaka, na poda ikanukia mpaka ikachoma macho. "Ni mimi Chiriku, Mama, nimefungiwa humu tangu siku ile na huyo uliyemshika siye, Mama, tazama hasemi, lini ulimwona Chiriku hasemi, mimi ndiye ninayesema, mtupe huyo chini unichukue mimi, mwanao, ulinikaribisha mwenyewe!"

Na mama akasita, wallahi alisita, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanawe na kilichokuwa mikononi kilikuwa kimya, kizito, cha baridi, hata mganga mlangoni akaufumba mdomo wake kwa mikono miwili asije akatoa neno likaharibu, na sauti ikaendelea kulia na kubembeleza na kuita Mama, Mama, Mama, mpaka mama akagundua kitu kimoja: haijavuta pumzi. Tangu ianze, haijavuta pumzi hata mara moja. Na chini ya kiganja chake koo dogo lilikuwa linahangaika, linavuta hewa kwa kishindo.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Toka!"

Vioo vikapasuka vyote kwa pamoja. Kisha mtoto akakohoa.

"Mama," akasema Chiriku, "una— unanikaba."

Mpishi alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Wiki ile Chiriku aliongea kufidia siku zote, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Hapo wangetulia, lakini simu ikalia wakiwa mezani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya mbali kabisa wilayani.

"Hongera, mwenzangu! Bwana Mtandao hakungoja majaribio yenu yaishe, alishatugawia vishikwambi na sauti yako shule zote, watoto wanaipenda. Ila vyangu vinajiongelesha stoo. Hebu sikia."

Mama Kengele akaisikia sauti yake mwenyewe, tamu, kwa mbali. "Karibu ndani, mwanangu. Sema jina lako."

Mkono wake ukamtafuta Chiriku, ukamkuta yupo, mdomo umejaa wali.

Na kwenye simu sauti ndogo, iliyochangamka, ikajibu, "Mimi ni Chi—" ikavuta hewa kwa kishindo, "—riku."