Mke wa Upepo

Kila asubuhi fundi magodoro na binti yake walikaa barazani wakifanya kazi. Mzee aliipiga pamba kwa fimbo mpaka ikavimba. Binti aliijaza kwenye kitambaa, akashona pembe kwa sindano ndefu. Magodoro yao yalisifiwa. Lakini watu wa mtaani walimpa binti jina baya: Mke wa Upepo.

Mumewe alikuwa mpishi. Miaka sita nyuma alikwenda kupika kwenye kambi ya reli ya wakoloni. Hakurudi. Hakutuma salamu, wala nguo, wala kibaba cha unga. Waliotoka huko walisema kambi imehama, naye hawajui aliko.

Basi binti hakuwa na mume, wala hakuwa mjane. Alining'inia tu, si juu si chini.

Siku moja mwoka mikate, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, alimtuma shangazi yake kuposa. Fundi magodoro alitikisa kichwa.

"Mke wa mtu haposwi," alisema.

"Mke wa mtu gani, baba?" binti aliuliza. "Nionyeshe huyo mtu!"

Mzee aliendelea kupiga pamba, lakini kwa nguvu zaidi.

Kesho yake binti alikwenda ofisi ya serikali. Mkuu wa wilaya alimsikiliza kupitia mkalimani, akasema, "Hayo ni mambo ya dini yenu. Sisi hatuyaingilii."

Mlangoni karani mmoja alimnong'oneza. "Dada, njia ni moja tu. Nenda misheni ukabadili dini. Ukitoka kwenye Uislamu, ndoa yako inavunjika. Wenzako wameshafanya hivyo."

Binti alirudi nyumbani. Alikunja nguo zake, akazifunga kitambaani. Kisha akashika sindano kama kawaida, lakini mshono ulikwenda upogo.

Jirani yao, mwalimu wa madrasa ya wasichana, alikuja kuchukua godoro lake. Aliutazama mshono, akamtazama binti.

"Mwanangu, mkono wako leo una nini?"

"Hauna kitu, Mwalimu."

"Mficha uchi hazai. Sema."

Binti alilia, akasema yote. Mwalimu alikaa chini, juu ya pamba.

"Hiyo dini mpya, unaiamini?"

"Siijui hata kidogo, Mwalimu. Nataka kufunguliwa tu."

"Basi sikiliza. Dini ya watu ni heshima yao. Haiingiwi kama mtu anayeruka ua kumkimbia mbwa. Na hii yako haijakufunga. Hujapata kusikia neno faskhi?"

"Sijapata."

"Faskhi ni kadhi kuivunja ndoa. Mume akitoweka, akamwacha mke bila chakula wala nguo, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi kushtaki. Anapeleka mashahidi. Mume anatafutwa kwanza, asije akadhulumiwa. Asipopatikana, kadhi anaivunja ndoa. Mke anakaa eda, miezi yake ya kungoja, kisha yuko huru. Nayo ni sheria yetu wenyewe, wala haikuja na wakoloni."

Fundi magodoro alikuwa ameacha kupiga pamba.

"Mwalimu, watu watasema tunaichezea dini."

"Mzee, bintiyo alikuwa anaondoka leo. Watu wangesema nini kesho?"

Mzee aliona nguo zilizofungwa. Fimbo ilimponyoka mkononi.

"Nitakwenda naye," alisema. "Mimi ndiye shahidi wa kwanza."

Walikwenda kwa kadhi, wao na Mwalimu. Tangazo lilitolewa msikitini na kwenye kambi za reli. Miezi ilipita. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo kadhi akawaita tena mbele ya watu.

"Mzee, miaka yote hii bintiyo amekula wapi?"

"Kwenye sufuria yangu, Sheikh. Na anakula vizuri, ashukuriwe Mungu!"

Watu walicheka. Kadhi naye alitabasamu. Alimsikiliza jirani mwingine, akamwapisha binti, kisha akasema wazi, "Ndoa hii nimeivunja."

Aliwageukia waliokaa nyuma. "Wafundisheni binti zenu haki zao. Msipoijua sheria yenu, kila mpita njia atawauzia ya kwake."

Binti alipofika chumbani alijitupa godoroni, akalala usingizi mzito mchana kweupe. Mzee alikataza mtu yeyote kumwamsha.

Habari zilienea. Wanawake walianza kuja madrasa alasiri kumuuliza Mwalimu: mirathi, mahari, masurufu. Wengine walikuja na mama zao. Hakuna aliyesikika tena akimwita binti kwa lile jina.

Eda ilipokwisha, shangazi wa mwoka mikate alirudi. Safari hii fundi magodoro hakutikisa kichwa. Aliingia ndani kwa binti yake.

"Nimjibu nini?"

Binti alinyanyua uso. Kwenye ndoa ya kwanza hakuna aliyemuuliza.

"Mwambie nimekubali, baba," alisema. "Lakini asinipe godoro la kununua. La kwangu nitalishona mwenyewe."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akatoka nje kupeleka jibu.