Talaka ya Mashine ya Msasa

Kila Ijumaa Rosalie Eberle akitoka shule hula sahani yake ya dengu na tambi, kisha hutazama mlangoni kama kibao kipo. Katika mji wa Nürtingen kila jengo lina kibao cha zamu, na kikitundikwa kwenye mlango wako, wiki hiyo ngazi zote ni zako kuzifagia. Watu wa huko hawana mzaha na usafi. Inasemekana hata mende wao hupangusa miguu kabla ya kuingia. Wiki hiyo kibao kilikuwa kwa akina Rosalie, na Bi. Vetter wa ghorofa ya chini alikuwa amekwisha kuchungulia ngazi tangu alfajiri.

Lakini Ijumaa hiyo Rosalie, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi nyingine aliyoiomba mwenyewe. Bibi Luise, mama mzazi wa baba yake, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu tangu theluji ilipoanza kuanguka, na kesho yake angerudishwa nyumbani. Daktari alitoa sharti moja tu: chumba chake kisiwe na vumbi. Baba yake, Fundi Eberle, alimtengenezea kitanda cha mwaloni mle mle chumbani, maana kisingepita kwenye ngazi. Kilibaki kishikio kirefu cha ubavuni, cha kumsaidia Bibi kuinuka.

"Kishikio ni chako," Baba alisema. "Kipige msasa mpaka kiwe laini kama shavu la mtoto. Mimi nafuata godoro. Na hawa wawili usiwatenganishe."

Hao wawili walikuwa mashine ya msasa na mashine ya kunyonya vumbi, zilizounganishwa kwa mpira mrefu. Ukiwasha moja, ya pili huamka yenyewe. Bei yake jengo zima liliijua, Bi. Vetter alidai kwa fedha hizo angenunua farasi na kubakiwa na hela ya hatamu. Baba hakujali. "Ni mume na mke," alizoea kusema. "Mmoja anachafua, mwenzake anasafisha. Kama nyumba nyingi tu."

Rosalie alivaa barakoa, akaanza. Mpira ukanasa kwenye mguu wa kitanda. Akaunasua. Ukanasa mlangoni. Akaunasua tena, safari hii akiuma meno. Kila alipokigeuza kishikio, mpira ulimvuta mkono kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni. Alipoanza kuizoea kazi, taa nyekundu ikawaka: mfuko wa vumbi umejaa. Mifuko mipya ilikuwa ndani ya gari, na gari limekwenda na Baba.

"Bei ya farasi," alinung'unika, "na kazi ya punda inamshinda."

Akauchomoa mpira.

Lo, mkono ukawa mwepesi. Kazi ikaenda mbio, kishikio kikalainika. Alipoinua macho, hakuliona dirisha vizuri. Vumbi laini kuliko unga lilikuwa limetanda hewani, limelala juu ya kitanda, juu ya rafu, hata ndani ya viatu vya Bibi vilivyokuwa vikimngoja.

Mtoto wa Nürtingen akiona vumbi hafikiri. Mkono wenyewe huenda kwenye ufagio. Rosalie alifagia. Vumbi likapaa. Alifagia huku, likatua kule. Alifungua mlango apumue, nalo likamtangulia kutoka.

"Wee Rosalie!" sauti ya Bi. Vetter ikapanda. "Huko juu mmefungua kinu? Kibao kiko kwenu, na ngazi zimepakwa poda kama bibi harusi!"

"Nafagia, Bi. Vetter!"

"Nakusikia. Na ninavyokusikia ndivyo zinavyozidi kuwa nyeupe."

Alifagia ngazi mpaka machozi ya hasira yakamtoka. Akarudi chumbani, akafagia tena. Hatimaye sakafu iling'aa, akaurudisha mpira mahali pake, akaketi na kukunja mikono.

Baba aliingia na godoro begani. "Ngazi zimefanya nini?"

"Ni upepo, Baba. Nilifungua dirisha, vumbi la barabarani likaingia."

"Nje theluji iko magotini," Baba alisema polepole. "Hilo vumbi lilichimbua handaki?" Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakiinua. Kilikuwa cheupe. "Nani ametoa talaka humu ndani?"

Rosalie aliutazama mpira. Aliuchukia mpira, akauchukia mfuko, akauchukia ufagio. Baba alikaa juu ya godoro, akatoa simu.

"Hospitali wanasubiri neno langu. Niwaambie chumba ki tayari? Sema wewe. Ukisema ndiyo, namleta."

Chumba kilionekana safi. Neno moja tu, na kesho Bibi angekuwa hapa. Rosalie akaikumbuka pumzi ya Bibi, ilivyokuwa ikipiga mluzi kama birika.

"Hapana, Baba," alisema. "Mfuko ulijaa, nikachomoa mpira. Halafu nikafagia. Na hakuna upepo ulioingia."

"Ukafagia," Baba alirudia, akashika kichwa. "Vumbi la mwaloni ukalifagia. Mwanangu, hilo halifagiliwi; ukiligusa kwa ufagio unalirudisha hewani. Bora ungeliacha limelala, uningoje."

Akapiga simu. Bibi asije kesho; aje Jumapili.

Walifunga mlango, vumbi likatulia usiku kucha. Jumamosi walitia mfuko mpya, wakalinyonya kuanzia juu ya fremu kushuka hadi sakafuni, kisha wakapangusa kwa vitambaa vibichi. Mpira ulinasa kila kona. Rosalie aliunasua kila uliponasa, bila kunung'unika. Kwenye ngazi walimkuta Bi. Vetter na ndoo.

"Siwasaidii," alisema huku akikamua kitambaa. "Macho yangu tu hayawezi kuvumilia."

Jumapili Bibi Luise aliingia akiegemea mkono wa mwanawe. Hakusalimia. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama pande zote. Kisha akashika kishikio, akaketi kitandani.

"Laini," alisema. "Nasikia nimechelewa siku nzima kwa sababu ya talaka."

"Ni mimi, Bibi. Tena nikadanganya."

"Baba yako kaniambia ulivyochafua, na ulivyosema kweli kabla sijaletwa." Bibi alivuta pumzi ndefu, na haikupiga mluzi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kazi ya haraka hutupa vumbi lake kwenye kifua cha mwingine. Na uongo ni kama vumbi la mwaloni: ukiufagia haupungui, unapaa tu. Uutoe mapema, mzima mzima, ndipo watu wapumue. Haya, sasa niletee viatu vyangu. Lakini kwanza uvikung'ute nje."