Lori la Nyuma

Ndugu zangu, Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1953, nyumba ya karani Wilbert pale Kinondoni iliamka na furaha tele. Mdogo wake alikuwa akifunga ndoa Bagamoyo, na malori mawili ya kukodi yalisubiri mlangoni. Wanaume walipanda la mbele pamoja na Wilbert. La nyuma walipanda wanawake: mama yake Auleria, shangazi yake Kokuberwa, na mkewe Benedicta, aliyempakata mtoto wa miezi miwili.

Masika yalikuwa yameanza, na kamba ya kuvutia gari likikwama ilikuwa moja tu. Madereva, Nikodemu wa lori la mbele na Romani wa la nyuma, walikubaliana kwamba lori la mbele, lililoibeba, lisubiri kwenye kila mto mpaka la nyuma livuke. Walisubiriana vizuri hadi Tegeta, ambako Kokuberwa aliwatania wanaume kwamba wakitangulia sana watakuta pilau halijaiva na wataambiwa wapepee moto.

Walipopita Bunju, Wilbert alitazama saa. Alitamani wakwe wampokee kwanza yeye, mkubwa wa familia. Lori lake likavuka mto, na dereva Nikodemu akapunguza mwendo.

“Mzee, Romani haonekani huko nyuma.”

“Barabara ni hii hii moja. Watapotelea wapi? Twende.”

Nikodemu akatii. Ni wangapi kati yetu tungekataa?

Romani alipoingia mto huo, magurudumu yalizama mchangani na injini ikazimika. Mvua ya huko juu ikashusha maji kwa ghafla. Magogo yakaubana ubao wa nyuma, uliokuwa mlango wa kutokea, na pande zote ulikuwa mkondo. Honi ililia mpaka betri ikalowa. Maji yakafika magotini, kisha viunoni. Wanawake walisimama juu ya mabenchi, wakapokezana kumwinua mtoto.

“Wanarudi,” alisema Kokuberwa. Baadaye akasema tena. Maji yalipofika kifuani, alimpokea mtoto akamwinua juu ya kichwa.

Wakulima wa mpunga walisikia mayowe, wakaja na mashoka, wakauvunja ule ubao. Kokuberwa aliwakabidhi mtoto kwanza, akawasukuma wenzake mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, mkondo ulimchukua.

Wilbert alirudi alasiri. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni, nguo zikimchuruzika.

“Mwanangu, ulipotazama nyuma usituone, ulidhani tuko wapi?”



FUNZO

Anayetangulia amebeba dhamana ya wanaomfuata. Asipowaona, na asimame. Wasipotokea, na arudi. Hakuna heshima ya kufika wa kwanza mahali ambapo wenzako hawatafika kamwe.