Rudia, Punguza Kuomba

Foleni ya tiketi ilikuwa imekunja kona ya ukumbi, jua linawaka, na fundi miwani alikuwa anamsema mtu asiyemjua mbele ya mtu mwingine asiyemjua. Alivaa gauni la kijani lenye kola pana, na viatu vyenye visigino alivyovinunua kwa ajili ya ukumbi huo tu. Mkoba wake ulijaa vijitabu vya maonyesho ya miaka kumi na mmoja. Alimweleza kijana aliyesimama mbele yake kwamba mchezo huu wa kale ni dhahabu, yeye anaujua wote kwa moyo, ila mwigizaji wa sasa anayecheza Mfalme anauharibu. Pale Mfalme anapomuaga mkewe, analia kabla mke hajafungua mdomo. Machozi hayo ya nini?

"Ni yangu," kijana alisema, akageuka. "Mfalme ni mimi. Nimekuja kumkatia mama tiketi."

Mwenye haya angekimbia. Yeye alimtazama toka kichwani hadi miguuni, shati jeupe, mikono imekunjwa, ndevu za wiki nzima, akamwambia basi leo asubiri mpaka Malkia amwambie nenda. Alasiri hiyo mwigizaji alisubiri. Ukumbi mzima ulilia, na fundi miwani katika safu ya tatu alilia kuliko wote.

Kilichofuata mnakijua, mapenzi ni kikohozi. Kila mchana, saa ya chakula, simu ililia dukani alikokuwa akisugua vioo vya miwani. Hawakusalimiana. Mwigizaji alitupa mstari wa mchezo, naye akaudaka kwa mstari unaofuata. Akikosea, fundi alimwambia, "Rudia, punguza kuomba." Mwigizaji alimwita Mwalimu, yeye akamwita Mfalme wangu. Hata walipogombana, mwigizaji aliomba radhi kwa maneno ya mtumishi mzee wa Mfalme, naye akamsamehe kwa maneno ya Malkia. Jambo lolote zito lilipitia humo. Waliona raha, na mimi nawaonea huruma.

Dada yake fundi, aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza siku moja akikunja nguo, "Mdogo wangu, wewe na huyo bwana mmewahi kuzungumza? Maana mimi nasikia maigizo tu."

"Wivu huo, dada. Shemeji yako ananipigia kila siku."

Isipokuwa wiki moja. Kabla ya kila onyesho la kwanza mwigizaji alifunga mdomo siku tano, hampigii mtu, hata mama yake mzazi. Fundi aliiheshimu wiki hiyo ya kimya na hakumtafuta.

Mwaka wa pili mchezo uleule ulirudishwa jukwaani, na safari hii mwongozaji alikuwa akiongeza kurasa mpya kila kukicha. Mwigizaji alikuwa akimsomea kwenye simu. Siku chache kabla ya onyesho la kwanza, fundi akiwa ameinua kioo cha mteja kwenye mwanga, simu ikalia.

"Wananitaka nisafiri na kundi lao," mwigizaji alisema, bila salamu kama kawaida. "Miaka mitatu, mbali. Tunaondoka Jumamosi. Mimi sitaki kwenda. Niambie nibaki, nitabaki."

Fundi alikitazama kioo, akatabasamu. Mwongozaji huyu ana akili, alijisemea, kumfanya Mfalme aseme kama watu wa leo.

"Rudia," alimwambia. "Punguza kuomba, Mfalme wangu. Malkia hapendi kuombwa."

Akarudia, kwa sauti ya chini kabisa, "Niambie nibaki."

Mwili ulimsisimka. Tangu amjue hajawahi kusema vizuri hivyo. Akamjibu kwa maneno ya Malkia, kama alivyomjibu mara mia, "Nenda. Mwenye kubaki haombi ruhusa."

"Sawa," mwigizaji alisema. "Nimeelewa." Akakata.

Hakukuwa na ukurasa wowote, masikini. Ndiyo kwanza mtu yule alikuwa amemwambia neno lake mwenyewe, na alirekebishwa, akalirudia, akafukuzwa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na fundi wetu alijikwaa akiwa na furaha. Alimwambia mteja wake kwamba mwaka huu watu watalia.

Siku tano zilipita kimya. Alishona gauni jipya, jekundu, na Jumapili alasiri akakaa safu ya tatu. Pazia lilipofunguka, Mfalme alikuwa mtu mwingine, mrefu, mwenye sauti nzuri. Wake atakuwa anaumwa, alijiambia, na hata hivyo akaungoja ule ukurasa. Mwisho wa mchezo ulifika. Mfalme mrefu alisema maneno ya kale. Malkia akamjibu, nenda, mwenye kubaki haombi ruhusa. Pazia likafungwa, watu wakasimama kupiga makofi, yeye akabaki ameketi. Ukurasa haukuwepo. Hapo hapo kwenye kiti alielewa.

Nyuma ya jukwaa alimkuta mshona mavazi, mama mtu mzima anayewajua wote wawili, mwenye pini kwenye kola, akirefusha joho la Mfalme aliyekwenda, lililokuwa fupi kwa huyu mpya.

"Ameondoka jana asubuhi, mwanangu," mama alisema bila kumtazama. "Kanieleza alikuomba mara mbili."

Alipiga simu amesimama kati ya nguo zilizotundikwa. Iliita sana. Mwigizaji alipopokea, fundi alimwaga yote: kwamba alidhani ni mchezo, kwamba kimya alikidhani ni kile chao cha siku zote, kwamba ni mjinga. Upande wa pili mwigizaji alicheka mara moja, vibaya.

"Nilidhani unanijibu kwa njia yetu, Mwalimu," alisema. "Kila jambo zito tulilisema hivyo."

"Nakuomba urudi."

"Nimetia sahihi. Miaka mitatu. Na hata nisingetia, mtu akishaambiwa nenda mara moja, nyumbani hapakaliki tena. Sijui nikuelezeje."

Mshona mavazi alijifanya anatafuta uzi. Fundi miwani alilishika joho, bado lina jasho la mtu wake kwenye ukosi, akafunga macho ili asisome mstari wowote kichwani.

"Baki," alisema. "Usiende. Mimi ndiye ninayesema, si Malkia. Nakupenda, baki na mimi."

Alisikia pumzi yake, na watu wakimwita kwa nyuma waanze mazoezi.

"Umesema vizuri," mwigizaji alisema, na simu ikakatika.