Mwenye Chonge Mbili Juu ya Mstari Mweupe

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, 'Mapaballo Moletsane alifungua kasha la kumi na nne katika Nyumba ya Mawe, makumbusho madogo ya visukuku ya kijiji cha Ha Ramokotjo, akakuta pamba tupu. Pamba ilikuwa bado imebonyea umbo la fuvu la mnyama wa kale, pamoja na vishimo viwili vidogo mahali zilipokuwa zikilala chonge zake. Kwa miaka tisa alikuwa akilifuta vumbi fuvu lile kila Jumanne. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka juu ya meza, kisha akaenda kumwita Sajenti Phoofolo.

Sajenti alifika saa mbili na dakika kumi, akamfunga farasi wake kwenye nguzo, akapangusa jalidi kwenye masharubu.

"Mlango uliukutaje, 'm'e?"

"Umefungwa kwa ufunguo, ntate," alijibu. Huko watu wazima huitana hivyo, mama na baba.

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili. Wangu huu, na wa Ntate Lekhooa."

"Basi mshukiwa wangu wa kwanza ndiye aliyeniita. Kazi nyepesi leo."

"Nifunge upesi, nikale chakula cha serikali. Nyumbani unga umebaki wa kushika kwa vidole viwili."

Sajenti alicheka, lakini aliandika. Alizunguka nyuma ya nyumba, akalisukuma dirisha kwa kiganja. Komeo likateleza, dirisha likafunguka. Aliandika hilo pia.

Ntate Lekhooa Thakeli aliingia wakati huo. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na kwa miaka thelathini alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma, akiondoa mwamba juu ya mifupa ya kale kwa sindano, chembe baada ya chembe. Yote aliyoyajua 'Mapaballo kuhusu mawe alikuwa amefundishwa naye. Asubuhi hiyo mzee alijitanda blanketi jembamba la kiangazi, ilhali nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi.

"Ntate, blanketi lako zito liko wapi?"

"Nimelifua."

"Mwezi wa Julai?"

"Uchafu hauulizi mwezi, mwanangu."

Sajenti alimwuliza alikuwa wapi jana jioni. Mzee akajibu kwamba alikwenda makaburini kwa mkewe, kama kila Jumatatu, kisha akarudi nyumbani. Kuhusu fuvu alisema machache, na aliyasema akiitazama ile pamba.

"Lina thamani gani, ntate?" Sajenti aliuliza.

"Thamani yake haimo ndani ya mfupa. Imo mahali ulipolala. Tazama mlima ule." Alinyoosha mkono kuelekea dirishani. "Tabaka la chini lilitangulia kulala, la juu likaja baadaye. Lile la kijivu kando ya mto ndilo lililotutolea fuvu lile. Juu yake kuna mstari mweupe, ambao ni majivu ya mlima wa moto. Ndani ya majivu mna chembe za madini zilizofungia urani, na urani hiyo hugeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Wataalamu walizipima, wakatuambia: miaka milioni mia mbili na kidogo. Kwa hiyo kilicho chini ya mstari ni cha kale zaidi, na kilicho juu ni cha baadaye. Huyu mnyama mwenye chonge mbili hajapata kuuvuka mstari ule. Alikwisha kabla."

"Sawa na ukurasa wa kitabu," Sajenti alisema.

"Ndiyo. Ukiuchana ukaubandika kwingine, hadithi yote inaharibika." Mzee alijikazia blanketi mabegani.

Kufikia adhuhuri Sajenti alikuwa amempata mtu wake. Khoarai Moletsane, mdogo wa marehemu mume wa 'Mapaballo, aliwauzia wageni mawe kando ya barabara kuu. Mengine yalikuwa mawe tu, na mengine yalikuwa visukuku asivyoruhusiwa kuvigusa. Mwaka uliopita mahakama ilikuwa imemwonya. Jumamosi, mbele ya duka, watu saba walimsikia akisema kwamba lile fuvu lingemlisha mwaka mzima. Katika mfuko wake kulipatikana bisibisi pana na vipande vitatu vya mfupa wa mawe.

'Mapaballo alimpelekea ugali na mboga kituoni. Sajenti alikuwa akimhoji.

"Bisibisi ya nini?"

"Ya kufungulia redio yangu, ntate."

"Redio yako ina mifupa?"

"Kwa jinsi inavyokohoa, huenda." Khoarai alimgeukia shemeji yake. "Umeleta chumvi, au umeamua nife kabla ya hukumu?"

"Ulimi wako ndio uliokuleta hapa, shemeji, na bado unauchezesha."

Khoarai aliinamisha kichwa. "Sikuingia mle, 'm'e. Nilisema upuuzi tu, watu wacheke."

Kesi ilipangwa kusikilizwa Jumatatu mjini. Kwa kuwa lilikuwa kosa la pili, Sajenti alisema bila kuficha, kifungo hakingepungua miaka mitano. Mtoto mdogo wa Khoarai alikuwa na miezi minne.

Jumatano 'Mapaballo alimwomba Sajenti amhoji pia Mhandisi Mokhethi, bwana wa machimbo. Kampuni yake ilikuwa ikivunja kilima kilicho juu ya makaburi ya kijiji ili kupata kokoto za barabara, na makaburi yenyewe yalikuwa yamepewa tarehe ya kuhamishwa. Mwezi uliopita mhandisi huyo alikuwa ameingia katika Nyumba ya Mawe na kuuliza maswali mengi.

"Niliuliza kwa sababu ya woga," Mokhethi alimwambia Sajenti mbele ya kambi. "Mimi nataka mawe, ntate, mafuvu siyataki hata bure. Kisukuku kimoja kamili kikionekana kwenye machimbo yangu, sheria inasimamisha kazi. Mtaalamu akithibitisha, kilima kinakuwa hifadhi, nami nafungasha. Niibe fuvu nilipeleke wapi? Na Jumatatu nilikuwa Maseru, kwenye kikao. Piga simu."

Sajenti alipiga. Ilikuwa kweli.

Alhamisi, saa kumi jioni, vigelegele vilisikika kutoka kilimani. Wavunja mawe walikuwa wameligonga fuvu lililojificha katika ufa wa mwamba, hatua arobaini juu ya makaburi. Lilikuwa jekundu kama mwamba wenyewe, na chonge yake ya kushoto ilikuwa imevunjika. Mashine zilizimwa. Wanawake ambao tangu Pasaka walikuwa wakiwalilia wafu wao watakaofukuliwa walicheza kando ya matingatinga. Mtaalamu, Daktari Nthomeng, alituma salamu kutoka Maseru kwamba angefika Ijumaa adhuhuri kuthibitisha.

'Mapaballo naye alipanda, na alikuwa amekwisha kuinua sauti apige kigelegele pale mambo mawili yalipomzuia. Kwanza, alikuwa amesimama juu ya mstari mweupe. Aliuona chini ya viatu vyake, ukipita kilimani kama mshono wa nguo. Juu ya mstari huo mwenye chonge mbili hakuwa na la kufanya. Pili, mfanyakazi mmoja alikuwa akinawa, na maji yakaruka juu ya fuvu. Hayakunywewa. Yaliviringika, yakadondoka, kama juu ya chungu kilichopakwa mafuta. Mwamba mwekundu wa kilima kile, kila mtoto wa Ha Ramokotjo anajua, hunywa maji na kugeuka tope.

Aligusa, akanusa kidole. Harufu ilikuwa ya mafuta ya kondoo.

Aliijua tangu utoto. Ilikuwa letsoku, ngeu ya udongo mwekundu ambayo wanawake huisaga juu ya jiwe na kuikanda kwa mafuta ili kupaka mwili siku za sherehe. Hakuna Mosotho anayepaka ngeu kwa maji. Mkono wenyewe hukataa. Aliyelipaka fuvu lile alifanya kama mama yake alivyofanya, bila kufikiri, na mkono ukamsaliti.

Aliteremka kilima kabla ya ngoma kwisha. Mtu mmoja alimwita kutoka nyuma: "'M'e, mbona huchezi? Wafu wako hawamo mle?" Aliendelea kushuka. Mumewe alilala katika safu ya tatu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, alipita nyuma ya nyumba ya Ntate Lekhooa. Blanketi zito lilikuwa bado limeanikwa juu ya ukuta wa zizi, limekauka kwa jalidi mpaka likawa gumu kama ubao. Lilikuwa limefuliwa kwa bidii. Hata hivyo, pindoni palikuwa na doa jekundu, kwa kuwa ngeu ya mafuta haitoki kwa maji. 'Mapaballo alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Angeweza kwenda nyumbani. Makaburi yangebaki, mzee angebaki, na kijiji chote kingecheza tena. Ni Khoarai peke yake ambaye angekosekana.

Saa mbili kasorobo alikuwa kituoni.

"Ntate, panda nami kilimani kabla ya Daktari kufika. Ukiona ni upuuzi, nitakupikia uji mchachu mwezi mzima."

"Na kama si upuuzi?"

"Basi utatamani ungekuwa upuuzi."

Walimkuta Ntate Lekhooa ameketi kando ya fuvu, akililinda. Mhandisi Mokhethi alikuwa karibu, akivuta sigara kwa hasira. 'Mapaballo alisalimu, akapiga goti mbele ya mzee, kisha akatoa chupa ya maji.

"Ntate, niruhusu."

'Mapaballo alimwaga maji juu ya mwamba wa kilima. Mwamba ukayanywa, ukalainika. Akamwaga juu ya fuvu. Maji yakaviringika yakaanguka. Alichukua kitambaa chake cha kila Jumanne, akakitia sabuni na majivu ya jikoni aliyokuja nayo, akasugua polepole ndani ya tundu la jicho. Wekundu ulitoka na kitambaa. Chini yake palionekana udongo mgumu wa kijivu, ule wa kando ya mto.

"Hili ni fuvu la kasha la kumi na nne," alisema. "Liliibwa Jumatatu kwa ufunguo, si kwa dirisha. Lilipakwa letsoku na kutiwa katika ufa huu ili machimbo yasimame. Khoarai hana haja ya machimbo kusimama, angeliuza. Mhandisi angelitupa mtoni. Aliyelileta hapa anaujua ufa, anaijua sheria, na ana mtu wake pale chini." Alimgeukia mzee. "Na blanketi lake limekataa kutakata. Ntate, sema uongo. Nakuomba useme uongo, nami nitasema nilikosea."

Ntate Lekhooa alichukua kile kitambaa, akautazama wekundu wake.

"Nilikufundisha vizuri mno," alisema.

Sajenti alitoa daftari, kisha akalirudisha mfukoni. "Kwa nini, ntate? Wewe kati ya watu wote?"

"'Malefu wangu amelala mle ndani miaka mitatu sasa. Pamoja na mwanetu. Mawe haya yamelala miaka milioni mia mbili, hakuna aliyeyaambia yahame. Mke wangu hawezi kupewa hata kumi?" Alipangusa pua kwa pindo la lile blanketi jembamba. "Katika Nyumba ya Mawe fuvu kamili lilikuwa hilo moja. Nilijua ni tabaka lisilo lake. Nilijiambia: vizuri, Daktari atashangaa, wataalamu watakuja, watachimba kwa kijiko miaka ishirini, nami nitakuwa nimekwisha kufa."

"Wangeandika kwamba mnyama huyu aliuvuka mstari," 'Mapaballo alisema. "Watoto wangefundishwa."

"Ndiyo."

"Na Khoarai?"

Hapo mzee alifunika uso. "Nilidhani mtasema ni wageni. Mlipomkamata, nikasema nitangoja saini ya Daktari, kisha nitakwenda kituoni. Kila asubuhi nilivaa viatu. Kila asubuhi nilivivua." Alinyoosha mkono, akaigusa chonge iliyovunjika. "Niliivunja nikilisukuma fuvu ufani. Miezi kumi na minne nilitumia kuisafisha hii, kwa sindano."

Mhandisi Mokhethi alitupa sigara. Wote walitazamia kwamba angefurahi, lakini alivua kofia tu, akaondoka kuelekea mashine zake.

Khoarai aliachiliwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Ntate Lekhooa alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kilichosimamishwa kwa ajili ya umri wake, na akakatazwa kuingia tena katika Nyumba ya Mawe. Alirudisha ufunguo ndani ya bahasha. Kijijini, wanawake waliocheza kilimani walipokutana na 'Mapaballo kisimani walikumbuka kwamba ndoo zao zimekwisha kujaa.

Makaburi yalihamishwa juma la pili la Agosti. Ntate Lekhooa hakuja. Alituma neno kupitia kwa Khoarai, nalo lilikuwa moja: kama lazima mkewe ahame, basi udongo urudishwe kwa mpangilio wake.

'Mapaballo alisimama tangu asubuhi kando ya shimo jipya la 'Malefu, akiwaamuru wachimbaji wafanye mafungu matatu: mweusi peke yake, mwekundu peke yake, wa kijivu peke yake.

"Shemeji, udongo ni udongo," Khoarai alisema, akiegemea sepetu. "Tuchanganye twende tukale."

"Wa kijivu kwanza. Tia."

Alitia. Halafu mwekundu, halafu mweusi, na juu kabisa vipande vya nyasi, mizizi ikiwa chini. Khoarai aliukanyagakanyaga, akarudi nyuma, akasifu kwamba mtu angedhani hapajaguswa tangu dunia iumbwe.

'Mapaballo alichutama, akabandua kipande kimoja cha nyasi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa shimo, pale udongo mpya ulipokutana na wa zamani. Matabaka hayakuungana. Yalipishana kwa upana wa kidole kimoja, na kati yake palikuwa na ufa mwembamba, mnyoofu, ambao mtu yeyote aliyefundishwa vizuri angeuona. Aliufunika kwa nyasi, akainuka, akapangusa mikono.

"Ndiyo," alimwambia Khoarai. "Mwambie mzee hapajaguswa."